Mchele Wako Umefika China

Shikamoo Mama Mkubwa,

Najua hutaitikia. Lakini nikianza kuongea bila shikamoo utageuka huko huko uliko useme Iringa imeniharibu, kwa hiyo naanza nayo. Sisi hatujambo. Mjomba hajambo, mguu unamsumbua kama kawaida na kama kawaida hataki kwenda hospitali. Mama Kulwa anakusalimia sana. Mashine ya kukoboa pale mbele ya kibanda chako bado inanguruma kutwa, na mahali ulipokuwa unapikia wali kuna dada mmoja sasa anauza chipsi. Chipsi, Mama. Ubaruku hii hii, na mchele wote huu.

Nimerudi salama. Hilo nilitaka ulijue mapema, maana ile ndege ulikuwa unaiogopa wewe kuliko mimi niliyeipanda.

Watu wananiuliza Kichina nilikitoa wapi. Nawajibu chuoni Iringa, lakini wewe na mimi tunajua kilianzia kwenye benchi lako. Unamkumbuka yule fundi Mchina wa barabara, aliyekuja kila mchana na chupa yake ya pilipili mfukoni? Siku ya kwanza alitaka kula amesimama, na wewe ukamvuta shati ukamkalisha. Ukamwambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi, kwamba kwako hapa wanaosimama wakila ni ng'ombe tu. Hakuelewa hata neno moja, na tangu siku hiyo hakula tena amesimama. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea maji ya kunawa, naye akinifundisha kuhesabu kwa vipande vya nyama. Miaka baadaye chuo kilipotangaza masomo ya Kichina nikajiandikisha kabla hata sijafikiri. Likizo nikawa nafanya mazoezi na simu nikiosha vyombo, nawe ukauliza hiyo lugha inasemwa au inaimbwa. Hadi leo nadhani ni vyote viwili.

Nilipochaguliwa kwenda kusoma kule kwa muda mfupi, lugha na utamaduni wao, hukupiga vigelegele. Uliuliza tu kama kule kuna baridi, kisha ukaingia ndani. Siku chache baadaye nilikukuta umekaa kwenye mkeka unachambua mchele, unatoa chenga moja moja. Ulikuwa mchele wa jaruba lako, ule wa kula nyumbani ambao hukuwahi kuuza hata kwa wateja uliowapenda. Ukashona mfuko mdogo kwa kipande kilichobaki cha kile kitenge cha kwaya, ukaujaza, ukaufunga mdomo kwa uzi.

"Mtu haendi kwa watu mikono mitupu," ulisema. "Utampa atakayekulisha. Na umpe kwa mikono miwili."

Halafu presha ikapanda. Nilikuwa Iringa siku hiyo, na nilipofika nilikukuta umeshafunikwa. Mama, siwezi kuandika mengi kuhusu hapo. Nilikuwa na mambo ya kukuambia njia nzima kwenye basi, nikabaki nayo.

Hukuyaona yaliyotokea matangani, kwa hiyo nakusimulia. Siku ya kuanua tanga Mjomba alisema safari haipo. Alisema mtoto haruki bahari wakati kaburi la mama yake bado ni bichi, watu watatuonaje. Na alisema "mama yake," hakusema "mama yake mkubwa." Nilikaa pale kwenye mkeka nimeinamisha kichwa. Tangu mama aliyenizaa afariki kule Kilolo, hakuna aliyeniosha miguu ila wewe. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba siendi.

Ndipo akasimama Mama Kulwa. Yule jirani yako mwenye ng'ombe, ambaye Kiswahili chake cha Kisukuma ulikuwa unakiigiza mpaka anakutupia ndala. Alikaza kanga kiunoni akamwambia Mjomba mbele ya watu wote kwamba wewe ulishamwachia neno: huyu aende, hata kama wewe hutakuwepo kumsindikiza. Akasema mkimzuia mtoto mtakuwa mnamzuia marehemu. Kisha akakaa, akaanza kulia yeye badala yangu. Mjomba aliomba sala ya kufunga, na siku ya safari alikuja mwenyewe kunisindikiza stendi, akabeba begi langu na ule mguu wake mbovu.

Kule China walitusomesha kweli kweli. Asubuhi lugha, mchana utamaduni. Tulishika brashi na wino kuandika maneno yao, na yangu yalitoka kama kuku amekanyaga matope. Tulifundishwa kumimina chai. Na ile mikono miwili, Mama! Kule kitu chochote, hata karatasi, unatoa na kupokea kwa mikono miwili. Wenzangu walikuwa wanasahau kila mara. Mimi ulishanichapa vya kutosha, sikusahau hata siku moja. Mwalimu akauliza nimejifunza wapi, nikamwambia nyumbani. Nilitamani ungesikia jinsi nilivyolisema.

Lakini mchele sikuutoa.

Ulisema nimpe atakayenilisha. Nikajiambia tunalishwa na kantini, na kantini si mtu. Ukweli ni kwamba nilishindwa. Huo ulikuwa mchele wa mwisho wa mikono yako. Jaruba lilikuwa limebaki mabua, na kule ndani kwako magunia yaliisha msibani. Ukipikwa ule, umekwisha, hakuna mwingine duniani. Niliuweka chini kabisa ya nguo, na nikikukumbuka sana nafungua begi nanusa kitenge. Nikapanga nirudi nao.

Mwisho mwisho wa masomo walitupeleka kijijini, kila mmoja kwenye familia yake tukae siku chache. Mimi nikapewa bibi mmoja, mjane, mfupi, anatembea kwa haraka kama ana kesi. Tulielewana kwa shida, maana Kichina cha kwake si kile cha darasani. Jioni ya kwanza akanipa bakuli la wali. Sasa wewe unajua ulivyotulea: wali haubakizwi, punje iliyobaki kwenye sahani ilikuwa inakuuma kama mwiba. Nikala nikamaliza kabisa. Akaongeza. Nikamaliza. Akaongeza tena, anafurahi. Mama, nilikula mpaka nikawa napumua kwa zamu. Nilimsimulia mwalimu kwa simu, akacheka hadi akashindwa kuongea. Kule ukimaliza bakuli likang'aa, umesema bado una njaa. Aliyeshiba hubakiza kidogo. Nikajaribu kubakiza kesho yake. Mkono ulikataa.

Asubuhi bibi huyo alinipeleka shambani kwake. Na ni majaruba, Mama. Maji, matope, miche imefungwa vifungu vifungu kama yetu. Alinionyesha kwa mikono namna ya kupandikiza, nikavua viatu nikaingia, nikaanza kurudi kinyumenyume kama ulivyonifundisha. Alinipima kwa macho jinsi ulivyokuwa unampima kibarua mgeni. Halafu akaingia yeye naye, tukapanda pamoja. Tulipomaliza aliweka mkono kiunoni akakunja uso, akanionyesha mgongo wake. Nikamwonyesha wangu. Tulicheka sana pale kwenye tuta.

Njiani kurudi ndipo ikanijia kwamba huyu amenilisha. Hakuna pa kujificha tena. Nilikaa na ule mfuko chumbani, nikakusemesha kwa Kihehe, nikakuomba uniruhusu nisiutoe. Ukanyamaza tu. Nikajua jibu.

Nilimpa kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, goti la nyumbani. Sentensi yangu ilikuwa fupi: mama yangu ndiye aliyelima, amefariki. Bibi alifuta mikono kwenye nguo kwanza, ndipo akapokea, naye kwa mikono miwili. Akafungua uzi taratibu. Akamimina punje kiganjani, akanusa, akaitafuna moja mbichi. Kama wewe hasa, pale mashineni ukikagua mchele. Niligeukia ukutani.

Aliupika jioni hiyo hiyo. Nyumba ikanukia, wa Kyela na mchele wao wa kunukia watusamehe. Lakini kabla hatujala, alipakua bakuli akaliweka kwenye meza ndogo mbele ya picha ya mume wake, na vijiti kando yake. Ndivyo wanavyofanya, wanawakaribisha waliotangulia. Halafu akapakua bakuli la pili, akaliweka pembeni ya lile la kwanza, akanigeukia akauliza: anaitwa nani?

Nikasema Salome. Tangu mazishini sikuwa nimelitamka jina lako. Watu wote husema marehemu, marehemu, na mimi nikawa nasema hivyo hivyo. Nikalia, Mama, nililia kilio nilichoshindwa kulia Ubaruku. Yeye hakunibembeleza. Alinijazia bakuli langu tu, akanisogezea. Kama mchungaji wetu ana neno juu ya hilo bakuli atanisamehe, maana sikuabudu kitu. Nilikupakulia chakula.

Tukala. Bibi alikula polepole, na alipofika mwisho akaokota punje moja moja kwa vijiti mpaka bakuli likang'aa. Kisha akaninyooshea, anataka tena. Nilimwongezea kwa mikono miwili. Sijui kama nitakuja kuwa na furaha ya namna ile mara nyingine.

Siku ya kuondoka alinirudishia mfuko wako. Ameufua, ameunyoosha, ameujaza mchele wa kwake. Kumbe na kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliupika hapa nyumbani kwenye mafiga yako. Alikuja Mjomba, akaja Mama Kulwa na wajukuu. Mchele wao unashikana, Mama, unaganda kama ugali uliochoka, na Mama Kulwa alisema wazi kwamba ng'ombe wake wangeususa, kisha akala sahani mbili. Nilipopakua niliweka sahani moja zaidi, nikaifunika, nikaiweka kwenye kile kigoda chako. Sikumwambia mtu. Mjomba akaiona. Unamjua, mzee wa kanisa, mambo ya namna hiyo hataki hata kuyasikia. Akasimama na mguu wake, akaenda mpaka kwenye kigoda, akafunua. Nikasubiri kusemwa.

"Mwongezee," akasema. "Dada hakuwa anakula kidogo hivi."

Nikakuongezea.

Mama Mkubwa, nakushukuru. Kwa benchi, kwa fimbo, kwa kitenge, kwa neno ulilomwachia Mama Kulwa. Masomo ya Kichina naendelea nayo. Na jaruba lako halitakodishwa, Mjomba ameshakubali. Msimu huu nitalipanda mimi, kinyumenyume, na mgongo ukiuma nitajua ni wako. Mavuno yakitoka, mfuko utarudi kwa yule bibi, umejaa. Lakini sahani ya kwanza sitampa yeye. Uliniambia nimpe aliyenilisha, na kabla ya wote ulinilisha wewe.

Pumzika sasa.

Mwanao,
Faraja