Shingo ya Tevita

Ijumaa, Manah, hapa Oman. Joto limetukaba tangu asubuhi na kiyoyozi cha ukumbini kimekufa. Lakini si joto linalonikosesha raha. Ni shingo ya Tevita.

Kwa asiyemjua: Tevita kazaliwa Tonga, visiwa vya huko Pasifiki, na raga kaanza kucheza hajaota meno. Anasomesha michezo skuli moja Nizwa. Miaka kasubiri mpaka kastahiki kuichezea Oman. Mechi yake ya kwanza ni kesho. Jezi nyekundu keshapewa, na kanitumia picha kaivaa kitandani.

Jumatano nilimpeleka kwa daktari, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi mazoezini. Daktari akatuonyesha picha ya shingo. Pigo moja baya, akasema, na huyu hatembei tena. Khalas, raga imekwisha.

Garini Tevita hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu, nisimwambie kocha. Mechi moja, moja tu, kisha anaacha mwenyewe. Nikamwambia, "Haya."

Neno jepesi lile, wallahi, limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kiswahili chake kakisomea uwanjani, kwetu sisi watoto wa Zinjibari, Waomani wenye asili ya Unguja, tunaopigiana kelele ili wapinzani wasitufahamu. Mwaka wa kwanza alidhani ndicho Kiarabu chenyewe. Akaenda ofisi ya uhamiaji, akamwamkia mzee wa watu shikamoo. Bahati yake, mzee naye mwenzetu, akaitikia marahaba na kumsogezea kahawa. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Leo baada ya sala kaja kula kwetu. Mama nilishamweleza, sikuweza kulibeba peke yangu. Akamkalisha, akampakulia wali, akaushika ule mkono wenye ganzi.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Tevita akacheka. Pole anaijua moja tu, ile ya kocha akitaka tupunguze mbio.

"Hapana pole, mama," akasema. "Kesho upesi. Upesi sana."

Mama akainuka akaingia jikoni. Nikamfuata, nikamkuta analia. Akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu mtoto wa watu hata hajui kama anapewa pole. Anayejua ni weye.

Tevita alipoondoka nikakaa na simu mkononi. Mtu kamwacha mamake huko mwisho wa dunia, kaja kuitafuta jezi hii kwa jasho lake. Miye uraia nimezaliwa nao, sikuutolea hata tone. Ndimi wa kumvua? Nikaomba mvua inyeshe, mechi iahirishwe. Mvua, na joto hili!

Kabla ya Maghrib nikampigia kocha. Nimemwambia yote.

Sasa Tevita ananipigia, simu inazima inawaka, na miye nimeshindwa kuipokea. Katuma ujumbe mmoja: "Kwa nini, ndugu yangu?"

Naogopa. Sina rafiki mwengine kama yeye, na nadhani leo nimempoteza. Sitamani kula, sitamani kuswali mbele za watu, sitamani kuuona uwanja. Lakini na anichukie akiwa kasimama kwa miguu yake miwili. Hilo nitalistahamili. La kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu huku akiniita ndugu, sitaliweza.

Simu inalia tena. Naipokea.