Viota vya Yangeyange

Jumatatu, 5 Mei
Nimemaliza kufagia bustani kabla ya saa moja. Kinyesi cha yangeyange, ndege wetu weupe, kila mahali, kama kawaida. Nimeosha mabenchi. Chai moto, mandazi mawili. Naipenda kazi hii, hata baada ya miaka kumi na mmoja. Ila miti yote minne ya jacaranda ina alama ya rangi nyekundu. Hakuna aliyeniambia kitu.

Jumanne, 6 Mei
Wakataji wamefika. Msimamizi wao, Bwana Njeru, anasema miti imezeeka, mizizi inapasua ukuta wa barabarani. Kweli, ufa nimeuona. Nikamwambia juu kuna viota. Akasema ndege wana mabawa.
Mti wa kwanza umeanguka saa nne. Mayai yamepasuka. Makinda wengi wamekufa. Watano nimewakuta hai, nikawabeba nyumbani kwenye karai. Nimelia mbele ya watu. Sijali.

Jumatano, 7 Mei
Makinda wawili wamekufa.
Asubuhi nikasimama chini ya mti wa pili na fagio langu. Bwana Njeru akafoka, akasema atanishtaki ofisini. Mwenye msumeno wa injini ni Mutwiri, mtu wa Meru, mpole. Akauzima, akaniuliza:
"Mama Wanja, unataka nini hasa?"
"Panda uangalie. Ukikuta viota vitupu, kata."
Akapanda. Akakawia. Aliposhuka hakumtazama mtu.
"Huko juu kumejaa watoto. Leo sikati, Bwana Njeru. Tafuta mwingine."
Kisha akapanda tena na makinda wangu watatu, akawaweka kwenye viota vya wenzao. Namheshimu sana.

Ijumaa, 9 Mei
Nimeitwa ofisini. Nilivaa rinda la kanisani. Nilijua nafutwa kazi.
Kumbe mkubwa wa ofisi alikuja bustanini jana, akasimama chini ya miti, akajionea mwenyewe. Koti lake likachafuliwa. Miti itangoja makinda waruke. Njia ya ukutani itafungwa kwa kamba, watu wasipite karibu na ufa. Nami nimepewa barua ya onyo kwa kuzuia kazi. Nimeisaini. Ni sawa. Jioni nimejipikia nyama.

Alhamisi, 29 Mei
Makinda wanatembea matawini, wanapiga mabawa. Kelele tupu. Bwana Njeru amepita, tukasimama pamoja tukiwatazama. Ameuliza wanakula nini. Panzi, nikamwambia. Sina kinyongo naye.

Jumatatu, 16 Juni
Leo miti mitatu imekatwa. Kila mti Mutwiri alipanda kwanza, akapiga kelele kutoka juu: "Hakuna mtu!" Tukacheka wote. Hakuna yai lililovunjika.
Bustani imekuwa na mwanga mwingi. Sijauzoea. Nimepanda miche sita ya muiri, mti wa asili wa kwetu, kando ya lango, mbali na ukuta.
Jioni yangeyange walirudi, weupe, wakazunguka pale palipokuwa na miti. Wakazunguka tena. Roho iliniuma. Kisha wakateremka kwenye miti ya mtoni, mmoja mmoja. Nilisimama mpaka wa mwisho akatua. Halafu nikafunga lango, nikaenda kupika.