Nimeeleza Siku Yangu kwa Kiingereza, Mama Mkwe Akamchukua Mke Wangu

Mpendwa Bi Sada,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujacheka, kwa sababu kila niliyejaribu kumwambia amecheka, nami sina nguvu tena ya kuchekwa. Nimechoka, Bi Sada, nimechoka kwelikweli.

Kwetu ni Kitomanga lakini naishi Mitwero, hapa Lindi, na zamani nilikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika, tukipima korosho za wakulima, mpaka lilipokuja hili soko huria, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na watu wao wa kuishika, chama kikalala, nasi tukarudi majumbani, nikawa mtu wa vibarua, leo nabeba matofali, kesho napalilia shamba la mtu, na isitoshe nimeoa juzijuzi tu na mwenzangu ana mimba changa, ya kwanza. Sasa kuna mwekezaji anajenga hoteli huku ufukweni, na habari zilizotoka ni kwamba baada ya Idi ataajiri, ila hamtaki mtu asiyejua Kiingereza, hata awe wa kufagia, ndipo mwenzangu akasema wewe si ulisoma, nenda kwa Mwalimu Faustino ukanoe kichwa.

Mwalimu Faustino ni mtu wa Nyangamara, anafundisha watu wazima wakati wa alasiri katika darasa la shule ya msingi, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanatufika kidevuni. Yeye anasema mgeni akikutana nawe atataka kujua mambo mawili, kila siku unafanya nini, na sasa hivi unafanya nini, kwa hiyo ndiyo tunayosoma, mtu anasimama anaeleza siku yake tangu anapofumbua macho hadi anapolala, kisha anaeleza watu wa nyumbani kwake wanafanya nini wakati huohuo yeye yuko darasani, na mwalimu hukazia kwamba la kila siku lina namna yake ya kusemwa na la sasa hivi lina namna yake, ukiyachanganya mwekezaji atadhani unaoga kutwa nzima.

Somo nilikuwa nalipenda, sikufichi. Nikirudi jioni namkuta mwenzangu anakuna nazi, ananiambia haya, nisomee, hajui Kiingereza hata kidogo lakini anajua nikikwama, anasema hapo umemeza, rudia, na asubuhi akishanichemshia maji ya kuoga ananiambia nikaoge kwa Kiingereza, basi mimi huko bafuni napiga kelele siku yangu nzima, naamka, naoga, nakunywa chai, na majirani wanaitikia kwa nje. Ndiyo ilikuwa furaha yetu wakati mfukoni hamna kitu.

Sasa sikia balaa lilipoingia. Siku moja tumekaa darasani, mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mwahija. Bi Mwahija ndiye mama mzazi wa mwenzangu, anasuka mikeka mizuri, naye amesikia watalii watakuja akataka kujua namna ya kuwauzia, nani wa kumlaumu, lakini mimi nilitamani ardhi inimeze. Bi Sada, wewe ni mtu wa huku, unajua. Kwetu mkwe hapewi mkono, hatazamwi usoni, nikimwona njiani naingia kichakani mpaka apite, nikiwa na chakula mdomoni nakimeza kizimakizima, leo nakaa naye darasa moja namsikiliza mwalimu akiuliza watu wanalala saa ngapi! Nikahamia dawati la nyuma kabisa, naye akahamia la mbele kabisa, akajifunika khanga hadi machoni, na tangu siku hiyo sote wawili tukawa mabubu. Mwalimu hajui lolote, anadhani sisi ni wazito wa kuelewa, na kuna siku aliniambia mbele ya watu, Maftaha, wewe mwanzo ulikuwa moto, umepatwa na nini?

Kumbe huyo huyo mwalimu akaona dawa ni kutupanga wawili wawili, wale mabubu pamoja. Akamsimamisha Bi Mwahija aniulize, nami nijibu. Bi Sada, nilitokwa jasho kama mtu wa malaria. Mama wa watu akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, nami nikiwa natazama dirishani nikajibu. Lakini nitajibuje? Niseme mbele ya mama mkwe kwamba mwanawe ananiamsha? Kwamba ananichemshia maji ya kuoga? Kwamba usiku tunalala? Heshima iko wapi? Basi nikamtoa mwenzangu kwenye hiyo siku, nikasema naamka peke yangu, najipikia chai, nakula, natoka, narudi, nalala. Mwalimu akafurahi maana Kiingereza kilitoka sawasawa, akamwambia Bi Mwahija aongeze swali, na nyumbani kwako sasa hivi kuna nani, anafanya nini? Nikasema hakuna mtu. Bi Mwahija akakaa chini. Nami nikakaa nikashukuru Mungu, nikajiona nimeilinda heshima yake na yangu.

Keshoye nikarudi kutoka kibaruani nikakuta nyumba imefungwa. Jirani akanipa ufunguo, akasema mama alikuja kumchukua binti yake, anakwenda kujifungulia kwao. Ni kweli mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, lakini, Bi Sada, tumbo lenyewe bado halijaonekana vizuri! Baadaye nikaletewa maneno, Bi Mwahija anasema mwanawe hana mume, ana mpangaji, na mwanamume anayejitangaza kuwa hana mtu nyumbani, tena kwa lugha ya wageni, huyo ana mwanamke wa kizungu anayemwandalia nafasi, na kwamba wazee watakaa. Wakikaa ni talaka hiyo, mimi naijua.

Nilitaka kwenda kueleza, nikafika hadi uani kwao, nikamwona mama mkwe ameketi kwenye mkeka, miguu ikageuka yenyewe. Nitamwambiaje? Nitamwambia, mama, kweli mwanao huwa ananiamsha? Mshenga wetu, Mzee Shaaban, nikimwendea naona haya, atasema nimeshindwa kutunza nyumba. Darasani siendi tena ila mara mojamoja, na Idi ndiyo hiyo inakuja. Chai najipikia sasa kweli, na ni mbaya.

Nifanyeje, Bi Sada? Niache Kiingereza labda mambo yatapoa? Au niende kwa mwekezaji hivihivi nikabahatishe? Jina langu liandike tu, hapa Mitwero nimeshakwisha kuwa habari.

Ni mimi mwanao,
Maftaha


BI SADA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Maftaha. Pole. Sikucheka, isipokuwa hapo bafuni, na hapo ulitaka mwenyewe.

Nianze na pole kwa sababu karipio linakuja. Kijana anayemwonea haya mama mkwe wake siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi. Hapa mezani kwangu nina barua za wakwe waliotukanwa, waliokopwa, waliofungiwa mlango. Wewe unaingia kichakani ili mama apite. Mungu akuzidishie. Lakini heshima ni kama chumvi, baba, na wewe umemwaga kopo zima kwenye mchuzi, sasa unashangaa mwenye njaa amesukuma sahani.

Hebu tuambiane kweli. Bi Mwahija anajua binti yake ana mimba. Unadhani anafikiri imetoka wapi, kwenye upepo? Mama huyo hakutaka kusikia habari za chumbani, na wala hakuna aliyekulazimisha uzitaje. Kati ya kitanda na "hakuna mtu" kuna njia ndefu sana, yote ungeweza kuitembea bila kumvunjia mtu heshima. Ungeianzia siku yako mlangoni. Ungesema mke wangu anapika chai, mke wangu anakuna nazi, ananisikiliza ninaposoma. Kuna aibu gani katika nazi? Mama yeyote angesikia hayo angejifunika khanga yake ili acheke vizuri.

Badala yake mzazi wa watu alisimamishwa akakuuliza kwa mdomo wake mwenyewe nyumbani kuna nani, ukamjibu hakuna mtu. Wewe ulikuwa unamstahi. Yeye alisikia mwanawe anafutwa. Na tena hakupiga kelele wala hakukutukana darasani. Alikuja kumchukua bintiye kwa kisingizio cha uzazi ili wewe usiaibike kwa majirani. Umeona? Naye alikuwa anakustahi. Mmestahiana mpaka nyumba imefungwa kufuli.

Na huyo Mwalimu Faustino unamwonea bure. Mwalimu hapigi ramli. Nyangamara nako kuna wakwe, mngemnong'oneza tu, yule ni mama mkwe wangu, angewatenganisha siku hiyo hiyo bila hata kuuliza la pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yenu hayakuwa hata maradhi.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwamba unaona haya, maana haya yako nimeshaisoma kurasa tatu.

Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda kwa Mzee Shaaban. Mshenga hakuwekwa kwa ajili ya siku ya harusi na biriani peke yake. Kazi yake ni kusema yale ambayo mkwe na mkwe hawawezi kuambiana, na hili ndilo lenyewe. Atakukaripia. Mwache akukaripie, kisha mpe maneno haya ayapeleke kama yalivyo: Maftaha hakumkana mkewe, alishindwa kumtaja mbele ya mama. Akayapeleke kabla wazee hawajakaa, maana wazee wakishakaa kila mmoja atataka kusema la kwake, na mtatoka hapo mmeachana kwa sababu ya chai.

Kiingereza usiache. Ukiacha sasa utampa Bi Mwahija ushahidi kwamba ulikuwa na jambo. Na usiende kwa mwekezaji kubahatisha, kazi haibahatishwi. Mwombe mwalimu akupange zamu yako siku ambayo mama hayupo, au mama asome na wanawake wenzake upande wao. Yeye naye ana mikeka ya kuuza na haki ya kujua kuiuza. Umewahi kulifikiria hilo? Amekaa kimya dawati la mbele kwa sababu yako kama wewe ulivyokaa kimya la nyuma kwa sababu yake, na hakuna aliyemwandikia Bi Sada kwa kumwonea huruma mama huyo.

Mwekezaji akikuuliza siku yako, mweleze yote, na mkeo awemo. Si kwa sababu ya mwekezaji. Yeye hatajali nani anakuchemshia maji. Ni kwa sababu mtu akizoea kueleza maisha yake bila mwenzake ndani, hata kwa lugha asiyoijua vizuri, ipo siku atayaishi hivyo.

La mwisho, na hili ndilo lililonichosha kuliko yote. Nimeisoma barua yako mara mbili natafuta kitu, sikukiona. Mwalimu nimemjua jina. Mama mkwe nimemjua jina, mshenga nimemjua, wewe mwenyewe umeniruhusu nikutaje gazetini. Mwanamke aliyekuamsha, aliyekuchemshia maji, aliyekaa na nazi mkononi akisikiliza lugha asiyoijua ili wewe upate kazi, na aliyebeba mtoto wako, sijui anaitwa nani. Najua, kwetu mume akisema mwenzangu inatosha. Siku nyingine zote ingetosha. Lakini huyu ameambiwa na mama yake kwamba nyumbani kwako hakuna mtu, na amekaa huko tangu siku hiyo akijiuliza kama ni kweli.

Mzee Shaaban akishatengeneza njia, nenda mwenyewe kumchukua. Usimtume mtu. Piga hodi, simama uani, macho chini kama ada inavyotaka, kisha mwite mkeo kwa jina lake, kwa sauti, mama yake asikie.

Bi Sada