Juisi ya Tufaha Jikoni Edmonton

Edmonton, London
Jumapili jioni

Mpendwa dada yangu Jedidah,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi ambayo mwaka huu imekataa kuondoka. Wundanyi mnaendeleaje? Goti lako limekubali kupanda ule mlima wa kanisani? Mimi ni mzima, ila nachoka upesi. Nikimaliza kupanda ngazi hukaa kitandani na koti langu mwilini, nikisubiri nguvu za kulivua. Barua hii anakuletea Maureen, yule nesi wa Mwatate tunayesali naye. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza, na habari hii inataka kusikilizwa mpaka mwisho.

Ni habari za mwanao. Unajua Fanuel alishinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani. Nilifurahi pamoja naye, mpaka aliponiambia kwamba akifika tu atajiunga na jeshi la huko, kwa sababu askari hupata uraia mapema, naye amechoka kubeba masanduku ghalani hapa London. Ndipo uliponipigia ukilia. Ulisema baba yake hayupo tena duniani, kwa hiyo mimi mjomba ndiye wa kumtasia, na mtoto wa Kitaita hasafiri safari kubwa bila kutasiwa. Basi nisimtasie, abaki.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini ualimu haujanitoka. Anayetasa hupiga funda la mbangara, ile pombe yetu ya miwa, akalipuliza huku akitaja baraka, na kwa pumzi hiyo hutoa hasira yote iliyomo moyoni. Mwenye kuificha hasira hajabariki kitu. Amemwekea mwenzake mzigo. Nilikuwa na hasira, kwa hiyo kukataa hakukunipa tabu.

Kila Jumapili Fanuel alikuja, akaosha vyombo, akauliza kama anauliza hali ya hewa, "Mjomba, leo je?" Nami badala ya kumjibu nilimfundisha. Nilimweleza jinsi Wamarekani walivyokwenda Ufilipino wakisema wanawaondoa Wahispania, kisha Wafilipino walipotaka kujitawala, wakapigwa vita na hao hao waliokuja kuwakomboa. Nilimweleza vijiji vilivyokusanywa kambini, vyakula vikachomwa, watu wakafa kwa njaa na maradhi. Nilimweleza meli ya walimu iliyofuata nyuma ya askari, na watoto walioanza kuimba Kiingereza kabla makaburi hayajaota majani. Nilimwambia kwamba askari wa kawaida wa vita vile walikuwa vijana maskini kama yeye, waliotafuta kazi.

Alisikiliza vizuri, Jedidah. Umemlea. Nilipomaliza, akakausha sahani ya mwisho na kusema, "Mjomba, waliochoma nyumba za Kasigau na kumpeleka babu yenu Malindi walikuwa Wamarekani?"

Unakumbuka babu alivyokuwa akisimulia: mwaka wa kumi na tano, vita vya Wajerumani, Waingereza wakadai watu wa Kasigau wamewaonyesha adui njia. Yeye mtoto mdogo, anatembezwa juani, na huko Malindi akawazika ndugu zake. Mimi mjukuu wake nilisoma Kiingereza nikakipenda, nikamfuata mke wangu huku London, alipokuwa nesi kule Lewisham, nikawafundisha watoto wa Waingereza historia yao wenyewe mpaka nikastaafu. Sijui hata siku moja niliyolala na hasira juu yao. Ningeipata wapi, na kuna kazi ya kesho?

Fanuel hakunicheka. Alisema nikikataa hataenda. Atarudi ghalani, na hatanilaumu mbele ya watu. "Ila hasira nitabaki nayo mimi, mjomba. Na siku ukiugua, unataka nikushike mkono nikiwa nayo?"

Dada, niliyachoka maneno yangu mwenyewe. Niliona nimemfundisha yote ninayoyajua, naye ameyaelewa, na bado anataka kwenda.

Sasa nakwambia. Nimemtasia. Mbangara hapa hakuna, nikafungua juisi ya tufaha. Nilianza mara ya kwanza nikaimeza, kwa sababu moyo ulikuwa bado. Mara ya pili nikakaa nikiutafuta ubaya uliokuwa moyoni mpaka nikauona, nao haukuwa wa Wamarekani. Ulikuwa woga wa mzee wa kuachwa peke yake. Huo ndio nilioupuliza. Ulimlowesha shati, tukacheka. Alhamisi nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alikataa nikuambie kabla hajafika, akihofia machozi yako yangemrudisha.

Nikasirikie, una haki. Lakini nikasirikie mimi tu, nami nitaibeba hasira yako nikiwa hapa kitini. Ukishamaliza, asubuhi moja kabla hujasema na mtu, piga funda la maji umtasie na wewe. Baraka yangu peke yake naona haitoshi.

Wasalimie wa nyumbani wote, na mwambie mchungaji anikumbuke.

Kaka yako,
Granton Mwandoe