Daftari la Wasioulizwa Jina

4 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mpishi wetu, nikitumaini mgongo wako umekuwa na adabu wiki hizi. Mimi mzima, ila uso una michirizi ya barakoa kama nimelalia mkeka.

Nimesikia mahujaji wameruhusiwa tena kusafiri, na nakujua: umeshafua mashuka ya nyumba yetu ya wageni. Haya, nisikilize kama afisa afya, si kama kitinda mimba. Vitanda kumi na vinne chumba kimoja, sahau. Acha vitano, mita mbili kati ya kimoja na kingine. Madirisha yabaki wazi. Weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Chumba cha marehemu mama kiwe cha mgonjwa tu. Na kila mgeni umwandike jina kamili na namba ya simu. Hilo la mwisho usilifanyie mzaha. Akiugua mmoja, bila majina hatuwapati waliolala naye.

Unakumbuka tulivyokuwa tukihesabu viatu barazani ili tujue wamelala wangapi? Juzi nimevikumbuka mpaka harufu yake, na hayakuwa marashi.

Mdogo wako

15 Mei

Mheshimiwa afisa, mdogo wangu,

Shikamoo yako uliisahau, nimejipokelea mwenyewe. Sijambo. Vitanda tisa nimevipandisha darini, na mgongo umeipata habari yake. Ndoo ipo, sabuni ipo, madirisha wazi mpaka paka wa jirani anaingia kama mwenye nyumba. Daftari nimenunua jipya na wageni wote wamo, usiwe na wasiwasi.

Chumba kimekuwa kikubwa, dada. Zamani ukigeuka kitandani mnageuka watu watatu. Sasa mtu akikohoa, sauti inazunguka peke yake.

Bi Mablanketi amekuja! Ana miaka themanini na ushee, bado anatembea kwa miguu, na mablanketi yake matatu katika joto hili. Amekuulizia. Anasema ulikuwa ukihamia miguuni pake usiku, ukidai mama anakoroma. Nimemwambia mama alikuwa anakoroma kweli.

Kaka yako

24 Mei

Kaka, shikamoo,

Habari za huko nitaziuliza baadaye. Nimekupigia simu mara sita, haipatikani, ndiyo maana nampa barua dereva wa gari la dawa. Atakusubiri umjibu.

Fundi saa mmoja aliyelala kwenu katikati ya mwezi amelazwa hapa. Amepimwa, na ugonjwa anao. Nitumie majina na namba za wanne waliolala naye. Leo hii.

Mdogo wako

24 Mei, dereva anasubiri

Mdogo wangu,

Marahaba. Wageni wote wamo daftarini, sikukudanganya, lakini nimewaandika hivi: Fundi Saa. Mwalimu Haraka. Pacha wa Soksi Nyekundu, wote wawili. Bi Mablanketi. Namba za simu hakuna.

Nilishindwa kuwauliza. Unajua mama alivyotulea: mwenda hija haulizwi jina wala atokako, hayo ni yake na Mungu wake. Nilisimama mlangoni na kalamu nikaona kama namvua mtu nguo. Nisamehe.

Ninachokijua ni hiki. Mwalimu alivaa fulana ya shule iliyo karibu na kiwanda cha saruji. Pacha wana saluni inayotazamana na stesheni ya treni. Bi Mablanketi aliondoka tarehe kumi na tisa kuendelea na safari. Simu hana. Alikotoka sijui.

Kaka yako

27 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nilikukasirikia siku mbili nzima, mpaka wenzangu wakaniuliza nimegombana na nani. Mwalimu tumempata, hana kitu. Pacha mmoja anao, amejitenga, anaendelea vizuri; mwenzake hana.

Amebaki Bi Mablanketi. Bibi wa umri ule, peke yake njiani, akianguka hakuna atakayejua amwite nani. Nilichukua fomu ya kumtafuta, nikaandika tarehe, nikaandika umri wa kukisia. Nilipofika penye jina nikakaa na kalamu juu. Kaka, alinisuka nywele kila mwaka mpaka nilipoolewa. Mimi nami jina lake silijui. Sasa nikukasirikie kwa lipi?

Akionekana hapo, kwanza muulize jina. Mama atatusamehe.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

Pole kwa kazi. Mimi na mpishi tumepimwa, tuko salama.

Bi Mablanketi alirudi mwenyewe siku mbili baada ya barua yako. Homa ilimshika njiani, akageuza. Alisimama nje ya uzio akasema, "Usinisogelee, mwanangu, nimebeba kitu." Nikamfungulia chumba cha mama. Muuguzi wa zahanati alikuja kila siku na mtungi wa oksijeni. Mimi nilikaa nje ya dirisha na barakoa yangu, tukapiga soga za zamani.

Siku ya tatu nikajikaza. "Bi, niwie radhi. Jina lako nani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka thelathini na miwili!" akasema. "Mie nilidhani hamtaki kulijua."

Nikamwambia mama alituambia ni adabu. Akasema, "Ni kweli, adabu mlikuwa nayo. Ila mtu hupenda kuitwa."

Akanitajia jina lake, la baba yake, mji wao, na namba ya mwanawe aliyokuwa ameikariri. Nimeliandika daftarini kwa wino. Alifariki Jumapili asubuhi. Pole, mdogo wangu. Najua ungependa kuwapo.

Mwanawe, fundi bomba, aliwahi mazishi. Tulisimama mbalimbali kama ulivyoagiza. Nikaanza kujitambulisha, akanikatiza. "Wewe ndiye mkubwa, uliyevunjika mkono kwa kuruka kutoka darini." Akanitaja jina. Akakutaja na wewe, jina lako na siku uliyozaliwa. Kila mwaka mama yake akirudi nyumbani alikuwa akiwasimulia wanawe habari zetu, mpaka wakawa wanatuonea wivu.

Nililia mbele za watu, dada. Barakoa ikalowa chapachapa.

Kaka yako