Sahani ya Pembeni

Jumatatu, 2 Julai 1956

Wiki ya tatu ya mafunzo ya ukunga, na bado niko kundi la kliniki ya Tongoni. Asubuhi, kabla sijapanda gari, Saleha wa kundi letu kaniamkia kwa Kishambaa: "Onga mahundo, mwana wa mlimani!" Kayavuta maneno kama mtu anayeita mbuzi. Mwanamkasi, mkunga wetu, akacheka mpaka akashika mlango. Akauliza kama kweli kwetu Bumbuli watu huoga mara moja kwa mwaka. Jibu hunijia jioni, niko peke yangu chumbani, halina kazi tena.

Jumatano, 4 Julai

Bibiana, niliyesoma naye, yuko kundi la Pongwe. Wote kule ni wa misheni. Huimba ndani ya gari. Nimeamua — kesho namwomba Sista, msimamizi wetu, anihamishe.

Alhamisi, 5 Julai

Nimeomba. Sista akataka sababu. Nilikuwa nayo: wananicheka. Mbele ya meza yake nikaiona ndogo, ya kitoto. Nikasema — chakula. Kwamba tunakula sinia moja, mikono yote humo humo, na sisi ndio tunaowafundisha kina mama usafi.

Uongo mtupu. Nyumbani tunakula hivyo hivyo. Na hapo siniani ndipo pekee ninapotulia. Mwanamkasi hunichambulia samaki bila kunitazama, anausogeza mnofu upande wangu. "Watu wa milimani hawaijui miiba, watatufia hapa."

Sista amesema amenielewa. Atalishughulikia.

Jumamosi, 7 Julai

Hakuna jibu. Bibiana ameniwekea nafasi dirishani.

Jumatatu, 9 Julai

Sihamishwi. Pongwe wametosha. "Lakini lile lako nimelimaliza," Sista akasema, ametabasamu.

Mchana nikaelewa. Mwanamkasi na Saleha mkekani, na sinia lao. Mimi nimetengewa sahani nyeupe. Na kijiko.

"Tumeambiwa," Mwanamkasi akasema. "Karibu, Bibi."

Bibi! Kaniita hivyo mtu wa umri wa mama yangu. Nikashukuru, nikala. Samaki alikuwa mzima, na miiba yake yote.

Jumanne, 10 Julai

Saleha: "Habari za asubuhi, Bibi."

Basi. Hakuna mlima, hakuna mbuzi. Njia nzima wamezungumza wao kwa wao, taratibu, kama kuna mgonjwa ndani ya gari. Katika Tanga yote ni Saleha tu aliyekuwa akiniamkia kwa lugha ya kwetu. Nilikuwa sijalifikiria hilo.

Alhamisi, 12 Julai

Tongoni, mchana. Kijiko nilichopewa nimekiacha chumbani, makusudi. Nilipanga niseme: nimesahau kijiko, nisogezeeni sinia na mimi. Nimeyarudia moyoni tangu mjini. Sahani ilipowekwa nikatoa nusu tu: "Nimesahau kijiko."

Saleha akainuka papo hapo. "Kaa, Bibi. Nitaazima kwa jirani. Tusije tukaambiwa tena."

Ameondoka. Mwanamkasi hajagusa chakula, anamngoja mwenzake. Sinia liko kati yetu. Upande wangu wa mkeka uko wazi, hatua moja tu. Najifanya naandika habari za kliniki. Naye anajifanya hanioni.

Wali unapoa.

Kasema kitu. Kwa Kidigo, nisichokijua, chini chini — sijui kama ni kwangu. Nimeinua kichwa. Anatazama mlangoni.

Nasikia makubadhi ya Saleha yanarudi.