Folda Ipo

Jumatatu, 16 Desemba
Kichwa kinawaka moto. Programu yenyewe ni kitu kidogo: ihamishe sauti za wazee tuliowarekodi kutoka mashine kuukuu ya hifadhi kwenda mpya. Kila mzee na folda yake. Kwanza inauliza, folda ipo kwenye mashine mpya? Ikiwepo, iruke, imeshahamishwa. Isipokuwepo, itengenezwe na kunakiliwa. Basi! Lakini inakwama kwa mzee wa kwanza tu, eti folda yake haipo hata kwenye mashine kuukuu — nami naiona kwa macho yangu. Mkuu wetu, Bwana Zenobiusz, anapitapita na chai yake: mashine kuukuu ni ya kukodi, Ijumaa inarudi kwa wenyewe ikafutwe. Najua, mkuu.

Humo yumo bibi yangu, akisimulia walivyoficha ng'ombe msituni wakati wa vita. Alifariki Aprili. Sauti yake nyingine hatuna.

Jumanne, 17 Desemba
Nimepata kosa. Programu ilitafuta folda pale ilipowashwa, si pale folda zilipo. Upuuzi mtupu! Nimeipa anwani kamili, ikaanza kunakili vizuri. Jioni mtandao ukakatika. Nimekula pierogi, zile sambusa za kuchemsha, zikiwa baridi, kwa hasira.

Jumatano, 18 Desemba
Nimeiwasha upya. Ipo, ipo, ipo — mpaka mwisho, dakika chache tu. Kumbe jana ilifika mbali. Bwana Zenobiusz: sasa ulikuwa unalalamika nini, Bi Halszka?

Ijumaa, 20 Desemba
Mashine kuukuu imechukuliwa asubuhi. Mchana tukamegeana mkate wa Noeli ofisini, tukitakiana heri. Bi Bożena wa masjala akanikumbatia.

"Halszka mwanangu, umeziona folda? Jumanne ulipoondoka nilikutengenezea zote kwenye mashine mpya. Majina nimeandika vizuri, sauti zikija zikute mahali pake."

"Zote, Bi Bożena?"

"Zote. Hata ya bibi yako, Mungu amrehemu."

Nikakimbilia mezani kwangu, nikazifungua. Tupu. Karibu zote tupu. Folda ya bibi ipo, na ndani hamna kitu. Programu iliuliza kama folda ipo. Haikuuliza kama ina kitu. Ni mimi sikuifundisha. Nimelia kwenye ngazi, sioni aibu kuandika.

Nimempigia Gracjan wa kampuni ya kukodisha. Anasema mashine ziko kwenye rundo, hajui kama yetu imeshafikiwa na kufutwa. Ataangalia, dada, usinisukume.

Jumatatu, 23 Desemba
Gracjan hapokei. Ofisi yao imefungwa mpaka baada ya sikukuu. Mama kapiga: usisahau sauti ya bibi, shangazi zako wanakuja kwa ajili yake.

Jumanne, 24 Desemba, kwa mama
Naandika bafuni, mlango nimekomea. Gracjan kimya. Supu ya bitiruti imeshapakuliwa. Nimesema natafuta faili, nipeni dakika. Nimeshindwa kumwambia mama.

Kila mwaka mama huandaa sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa. Leo ameweka spika juu yake na kuisogezea kiti. Nasikia wanangu wanacheka, anawanyamazisha: tulieni, bibi anataka kusema.